Kujichunguza Hadharani: Desturi ya Uamsho wa Afrika Mashariki

Mwaka 1929, mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyehudumu Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda wa Kanisa la Anglikana. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika.

Kiini chake kilikuwa kujichunguza, lakini si faraghani. Katika mkutano wa ndugu wa imani, mtu alisimama akataja kosa lake kwa jina: uongo, wizi, chuki dhidi ya jirani. Wenzake wakaitikia kwa wimbo wa Kiganda, Tukutendereza Yesu. Toba haikuishia mdomoni. Aliyeiba alitakiwa kurudisha mali kwa mwenyewe, hata kama ni kwa mwajiri wake.

Wazee wengi waliona aibu kusikia dhambi za zinaa zikianikwa mbele ya watoto, na lawama yao haikuwa bure. Ukali wa wafuasi wa uamsho uliwagusa wachungaji pia, na mvutano ukafika hata vyuoni. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wafuasi wa uamsho, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda.