Silsila ya Walimu wa Piano

Mwenye kuketi ukumbini akamsikiliza mpiga piano mashuhuri aghalabu hudhani kwamba anasikia karama ya mtu mmoja, ilhali nyuma ya vidole vile kumi imesimama silsila ndefu ya walimu, kila mmoja akiwa amepokea kwa aliyemtangulia na kumkabidhi amfuataye, kama vile elimu ya dini inavyopokezanwa chuoni. Beethoven alimfundisha mtoto Carl Czerny mjini Vienna. Czerny akawa mwalimu zaidi kuliko mtu wa majukwaa, na mwaka 1822 akampokea Franz Liszt, asimtoze malipo. Liszt naye, baada ya kuizunguka Ulaya kwa sifa zisizo mfano, aliacha kupiga kwa ujira mwaka 1847, angali na umri wa miaka 35, na katika uzee wake akawa akiwafundisha vijana bure huko Weimar. Mpiga piano mwenzake Clara Schumann, aliyepanda jukwaani Leipzig mwaka 1828 akiwa na miaka 9, alibaki mjane mwaka 1856 na watoto saba wa kulea, akawatafutia riziki kwa matamasha, na kuanzia 1878 akashika kazi ya ualimu Frankfurt.

Sisi wa Butembo na Beni, mashariki ya Kongo, tunaweza kuuliza, na ni haki yetu kuuliza, silsila hiyo ilitufikia kwa njia gani. Mapadri Waasumpsionisti walifika nchi hii mwaka 1929, na misheni za Kiprotestanti za Kitsombiro na Katwa ni za zama hizo hizo. Na wamisionari wa wakati ule, walipojenga kanisa, aghalabu walipenda kuleta hamoniamu kuliko piano. Sababu yake ni bayana. Piano ni nyuzi za chuma zaidi ya mia mbili, zilizokazwa kwa nguvu kubwa juu ya mbao, na mbao hizo huvimba kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu, hata sauti zikapotoka na kuhitaji fundi wa kuzilinganisha. Fauka ya hayo ni mzigo wa mamia ya kilo, na mizigo ya kwetu hutoka pwani ya Mombasa, ikapita Uganda na kuingilia Kasindi. Hamoniamu haina nyuzi. Husema kwa pumzi ya mivukuto inayokanyagwa kwa miguu, wala haidai umeme.

Walakini chombo humfunza mpigaji tabia yake. Katika piano, aliyoibuni Bartolomeo Cristofori huko Firenze kwenye mwaka 1700 hivi, nyundo ndogo hugonga uzi kwa kadiri ya uzito wa kidole, hata mtu akaweza kunong'ona na kunguruma kwa mkono mmoja. Katika hamoniamu kidole hufungua tu njia ya pumzi, na nguvu ya sauti hutoka miguuni. Aliyelelewa na hamoniamu, au na kinanda cha umeme cha kwaya za siku hizi, huwa na sikio zuri la kupatanisha sauti nne za waimbaji, lakini anapoketi mbele ya piano ya tamasha hana budi kuufundisha mkono wake upya. Hapa ndipo haja ya mwalimu inapodhihirika, kwa kuwa jambo hilo halisomeki kitabuni.

Kielelezo chetu cha mwalimu kilicho karibu zaidi, na ambaye kwa rai yangu hatumtaji vya kutosha, ni marehemu Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912 Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, akapata muziki wake kwa mapadri wa seminari, kisha akawa mwalimu wa muziki Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alitunga Missa Katanga, akatunga wimbo wa taifa wa Katanga ilipojitenga mwaka 1960, akawa waziri wa elimu wa serikali hiyo, akafariki mwaka 1961. Siasa ile watu wataihukumu wapendavyo. Mimi namheshimu kwa ualimu wake.

Ray Lema, aliyezaliwa mwaka 1946 huko Lufu-Toto, magharibi ya Kongo, naye aliingia seminari angali mtoto, akafunzwa vinanda humo, na leo anajulikana Ulaya kwa piano yake. Na Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda aliiunda okestra ya kanisa la Wakimbangu, ambayo wanamuziki wake wa mwanzo walipokezana vyombo vichache na kufundishana wao kwa wao.

Basi nina ombi kwa wasomaji wa Butembo na Beni. Wako wazee wanaowakumbuka waliokalia hamoniamu za kwanza za parokia zetu, na waliowafundisha; na tangu 2014 mauaji ya upande wa Beni yamewatawanya watu wengi, na kumbukumbu zao pamoja nao. Aliye na jina la mwalimu wa namna hiyo, au mwaka, au picha, au daftari la noti, asilifungie sandukuni: aliandike na kulipeleka kwa paroko au mchungaji wake, au katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben pale Butembo, lihifadhiwe.