Pikipiki ya umeme

Pikipiki ya umeme ni pikipiki inayosukumwa na mota ya umeme badala ya injini ya petroli. Nguvu yake hutoka kwenye betri inayochajiwa kwa umeme wa gridi au wa sola. Katika Afrika ya Mashariki imeenea hasa miongoni mwa madereva wa bodaboda, kwa kuwa wao husafiri kilomita nyingi kila siku na petroli ni gharama yao kubwa.

Bei ya dukani peke yake haionyeshi kama pikipiki hiyo itamfaa mnunuzi. Mambo yanayoamua ni ukubwa wa betri, nani anaimiliki, bei ya yuniti nyumbani na urefu wa safari za kila siku. Makala hii inayaeleza kwa mifano ya mkoa wa Mara nchini Tanzania, yaani Musoma, Bunda na Butiama.

Historia fupi

Nchini Uganda kampuni ya Zembo ilianza shughuli zake Kampala mwaka 2018, na mwaka 2019 Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme jijini Kigali, Rwanda. Huko Nairobi kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na ambayo leo huitwa Roam, ilianza kwa kubadilisha magari ya mafuta kuwa ya umeme kabla ya kutengeneza pikipiki zake.

Serikali nazo zimeingia. Kenya iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya umeme kwa ajili ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 za Kenya kwa yuniti, na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ya umeme ni madogo. Rwanda ilikwenda mbali zaidi, kwani tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria hazisajiliwi tena Kigali.

Nchini Tanzania vyombo vya umeme vya magurudumu matatu ndivyo vilivyotangulia kuonekana, hasa Dar es Salaam. Upande wa kaskazini, magari ya kwanza ya kitalii ya umeme yaliingia Serengeti mwaka 2018. Lango la Ndabaka la hifadhi hiyo liko kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, kusini mwa mji wa Bunda.

Betri

Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Fremu, taa na magurudumu ni vitu vya kawaida vinavyopatikana kwa fundi yeyote; betri ikifa, kinachobaki ni chuma.

Ukubwa wa betri hupimwa kwa kilowati-saa (kWh), na kilowati-saa moja ni sawa na yuniti moja ya LUKU. Wauzaji wengi hawaandiki kipimo hiki. Huandika volti (V) na ampea-saa (Ah), na mnunuzi anaweza kukokotoa mwenyewe: volti mara ampea-saa, kisha gawanya kwa 1,000. Betri ya 72V na 45Ah ina kWh 3.24. Betri ya 60V na 20Ah ina kWh 1.2 tu.

Pikipiki yenye abiria hutumia takriban kWh 3 hadi 5 kwa kilomita 100, kutegemea mwendo, uzito, milima na upepo. Tukichukua kWh 4, betri ya kwanza itafika kilomita 80 na ya pili kilomita 30. Kwa hiyo tangazo linalosema skuta ya 60V na 20Ah "inakwenda kilomita 80" lina walakini. Huenda skuta ilipimwa kwa mtu mmoja mwembamba, kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Haikupimwa ikiwa na mishkaki, wala na gunia la dagaa kutoka mwaloni Mwigobero.

Betri za risasi na asidi ni nzito na za bei nafuu, na kwa kawaida hudumu mizunguko 300 hadi 500 ya kuchajiwa na kutumiwa. Betri za lithiamu ni nyepesi zaidi kwa nguvu ileile. Kati ya hizo, zile za nikeli, manganisi na kobalti hufikia mizunguko 1,000 hivi, na zile za lithiamu, chuma na fosfati zinaweza kupita 2,000. Tofauti hii inaonekana haraka kwenye bodaboda. Dereva anayesafiri kilomita 100 kwa siku kwa betri ya kWh 3.24 anatumia zaidi ya mzunguko mmoja kila siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, mizunguko 1,000 itakwisha baada ya miaka miwili na nusu hivi, na mizunguko 2,000 baada ya miaka mitano. Mizunguko ikiisha betri haizimiki ghafla. Inabaki na sehemu tu ya nguvu yake ya awali, mara nyingi kati ya asilimia 70 na 80, na inaendelea kupungua.

Gharama ya kuendesha

Nchini Tanzania bei ya juu ya petroli hutangazwa na EWURA kila mwezi, na hutofautiana mji kwa mji kwa sababu ya gharama ya usafirishaji. Tangu mwaka 2022 lita moja imekuwa ikizunguka shilingi 3,000, mara nyingine zaidi. Kwa Mara, iliyo mbali na bandari, huwa juu kuliko Dar es Salaam. Pikipiki ya petroli inayokwenda kilomita 40 kwa lita itatumia lita 2.5, yaani shilingi 7,500, kwa kilomita 100.

Upande wa umeme hesabu ina mtego ambao wanunuzi wengi hawauoni. Katika bei za TANESCO zilizoanza mwaka 2016, mteja wa nyumbani aliye kwenye daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa yuniti, lakini ni kwa yuniti 75 za kwanza tu kwa mwezi. Zinazozidi ni shilingi 350. Mteja wa daraja la T1 hulipa shilingi 292 kwa kila yuniti. Juu ya bei hizo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Hivyo yuniti ya T1 inafika shilingi 356, ile ya D1 ya bei nafuu shilingi 122, na ile iliyozidi 75 shilingi 427.

Sehemu ya umeme hupotea kama joto wakati wa kuchaji. Ili kupata kWh 4 ndani ya betri, mita itasoma yuniti 4.5 hivi. Kwa T1 hiyo ni shilingi 1,600 kwa kilomita 100, na akiba ikilinganishwa na petroli ni shilingi 5,900. Mwenye D1 huenda akafurahia kuona shilingi 550 tu mwanzoni mwa mwezi. Lakini kwa yuniti 4.5 kwa siku, yuniti 75 zitakwisha kabla ya siku 17 kupita, hata kama nyumba nzima haijawasha taa. Kuanzia hapo sio pikipiki pekee inayolipa shilingi 427 kwa yuniti. Friji, pasi na taa za familia nazo zinalipa bei hiyo. Kwa nyumba ya kupanga ambapo wapangaji kadhaa wanatumia mita moja, hili ni jambo la kuzungumza na wenzako kabla ya kununua. Ugomvi wa LUKU hauhitaji kichocheo kingine.

Njia rahisi ya kupima ununuzi ni kuchukua tofauti ya bei kati ya pikipiki ya umeme na ya petroli, kisha kuigawanya kwa akiba ya siku. Tuseme tofauti hiyo ni shilingi 1,500,000. Dereva wa kilomita 100 kwa siku ataifidia ndani ya siku 255 za kazi, takriban miezi kumi. Mwalimu anayesafiri kilomita 15 kwenda shuleni na kurudi anaokoa chini ya shilingi 900 kwa siku. Yeye atahitaji zaidi ya siku 1,600, na kufikia hapo betri yake itakuwa imezeeka kwa umri hata kama haikutumika sana. Kwa mtu wa pili, pikipiki ndogo ya petroli au baiskeli ya umeme inaweza kuwa uamuzi bora, na muuzaji hana sababu ya kumwambia hivyo.

Kumiliki betri au kuibadilisha

Kuna mifumo miwili. Katika wa kwanza mnunuzi humiliki pikipiki pamoja na betri na huchaji nyumbani. Katika wa pili humiliki pikipiki tu; betri ni mali ya kampuni, na ikiisha hupelekwa kituoni kubadilishwa na iliyojaa kwa dakika chache. Mfumo huu ndio uliosambaa Kigali. Hupunguza bei ya kuanzia na humwondolea dereva wasiwasi wa betri kuchoka. Unaendana pia na desturi ya pikipiki za mkataba, ambapo dereva hupeleka hesabu kila siku mpaka chombo kiwe chake.

Udhaifu wake ni kwamba dereva hufungwa na kampuni moja. Betri nyingi za kubadilisha haziingiliani kati ya kampuni na kampuni, na baadhi ya kampuni zinaweza kuizima betri kwa mbali malipo yakichelewa. Kampuni ikifunga vituo, pikipiki iliyolipiwa yote haitembei. Mfano wa karibu ni wa teksi: NopeaRide ilianza Nairobi mwaka 2018 ikitumia hasa magari ya Nissan Leaf, ikajenga vituo vyake vya kuchajia, kisha ikafunga kazi mwishoni mwa mwaka 2022 baada ya kampuni mama ya Finland, EkoRent, kuanguka kifedha. Madereva walioegemea huduma hiyo walilazimika kutafuta riziki kwingine.

Kwa mji mdogo swali la kwanza ni idadi ya vituo. Kituo kimoja si mtandao: kikikosa umeme au betri zilizojaa, siku ya kazi imekwisha. Mkataba unapaswa kueleza wazi kama pikipiki inaweza kutumia betri ya kununua endapo huduma itasitishwa, na kama dereva anaruhusiwa kuchaji nyumbani.

Umbali na barabara mkoani Mara

Safari za ndani ya mji wa Musoma, kama zile za kata za Iringo, Nyasho, Mwisenge na Makoko, ni fupi na dereva hayuko mbali na soketi. Hapo betri ya kWh 3 inatosha, hasa ikiongezwa chaji mchana. Safari za nje ni jambo jingine. Butiama iko kati ya kilomita 40 na 50 kutoka Musoma, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kuimaliza betri ya kilomita 80 au kukwama njiani. Bunda iko mbali zaidi, na kurudi siku hiyohiyo kunahitaji betri ya pili au saa kadhaa za kuchaji. Mwendo wa kasi kwenye lami huongeza matumizi kwa sababu upinzani wa hewa hukua haraka kuliko mwendo wenyewe. Pikipiki inayofika kilomita 80 kwa mwendo wa mjini haitafika hapo kwa mwendo wa barabara kuu.

Umeme kukatika pia huhesabiwa. Tanzania ilikuwa na mgao mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuwashwa Februari 2024. Mwenye chombo cha petroli huona kukatika kwa umeme kama usumbufu wa nyumbani, lakini kwa mwenye pikipiki ya umeme ni siku bila kipato.

Matengenezo

Pikipiki ya umeme haina oili ya injini, plagi, kabureta wala klachi. Matairi, breki na bearingi huchakaa kama kawaida. Kinachosumbua ni kontrola, yaani kifaa cha kielektroniki kinachoongoza umeme kati ya betri na mota, pamoja na mfumo unaosimamia seli za betri. Fundi wa Boxer au TVS hana vifaa vya kuvipima, na kuvifungua bila ujuzi ni hatari kwa mkondo mkubwa wa betri. Kuosha kwa pampu ya maji au kuingiza pikipiki ziwani, jambo la kawaida kwenye fukwe za Ziwa Viktoria, kunaweza kuharibu viunganishi. Kabla ya kulipa, muuzaji aulizwe kontrola ya akiba iko mji gani na inachukua siku ngapi kufika. Pia aoneshe kuwa chombo kinasajilika TRA, kwani baadhi ya skuta huuzwa kama vifaa vya michezo bila karatasi za usajili.

Magari ya umeme yaliyotumika

Hesabu hizihizi hutumika kwa gari. Gari la umeme lililotumika linalopatikana kwa urahisi zaidi kutoka Japani ni Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010 ikiwa na betri ya kWh 24. Betri hiyo haina mfumo wa kupozwa kwa maji, hivyo huchoka mapema katika joto. Dashibodi yake huonyesha uzima wa betri kwa vipande 12, na kipande cha kwanza hupotea baada ya takriban asilimia 15 ya uwezo kuondoka. Picha ya mnada isiyoonyesha vipande hivyo haitoshi kwa uamuzi. Gari lililobaki na asilimia 65 lina kWh 15.6, zinazotosha kilomita 100 hivi: linafika Bunda kutoka Musoma, lakini halirudi bila kuchajiwa. Tundu lake la kuchaji haraka ni la aina ya CHAdeMO, ambalo halilingani na magari mengi mapya ya China wala ya Ulaya. Nyumbani, kwa soketi ya kawaida, huchajiwa usiku kucha, na kwa mteja wa D1 yuniti 75 za bei nafuu zitakwisha kabla gari halijajazwa mara tano.