Kihatarishi Ndani ya Manowari

Tarehe 22 Mei 2008, manowari ya Marekani USS George Washington ilikuwa ikikata maji ya Pasifiki, upande wa Amerika Kusini, safarini kwenda Japani kuipokea zamu manowari kongwe Kitty Hawk. Ni meli ya kubeba ndege, inaendeshwa kwa nguvu za nyuklia, na mgeni angedhani kwamba kama humo ndani kuna cha kuogopwa, basi ni vinu vya nyuklia au ghala la mabomu. Moto wa siku ile haukutoka huko. Ulitokea karibu na boila ya ziada, kwenye nafasi ya kupitishia hewa na moshi, mahali ambapo baharia wa kawaida anaweza kumaliza mwaka mzima bila kupaona.

Uchunguzi wa jeshi la majini ulieleza kwamba yaelekea mtu alivuta sigara pasiporuhusiwa. Jirani na hapo palikuwa pamefichwa, nje ya utaratibu, galoni 90, yaani kama lita 340, za mafuta ya kompresa za majokofu. Moto ukayapata, ukapanda kwa kufuata njia za nyaya, ukawaka kwa takriban saa 12. Hakufa mtu, lakini mabaharia 37 walitibiwa, hasara ikakadiriwa kuwa dola milioni 70, na nahodha pamoja na msaidizi wake wakavuliwa madaraka.

Mafuta ya kompresa! Fundi friji yeyote anayo dukani kwake, kopo limekaa kwenye rafu pamoja na waya za shaba na redio inayoimba, na hakuna mteja anayerudi nyuma akiliona. Melini mafuta hayo hayo yanaingia kwenye kundi ambalo Waingereza huliita hazardous material. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kusimulia mkasa wa George Washington hufika hapo akasita: aandike nini?

Redioni husikika "vifaa hatari". Ni tafsiri ya haraka, na haisaidii. Kifaa ni cha kufanyia kazi: nyundo, bisibisi, mashine ya kupimia presha. Mafuta yaliyomo pipani si kifaa. Labda pipa lenyewe. "Bidhaa hatari" ina harufu ya duka na ushuru wa forodha. Bandarini wana "shehena hatarishi", na kwao neno limekaa sawasawa, maana kanuni za kimataifa za usafirishaji baharini zinaigawa shehena ya namna hiyo katika madaraja tisa, kuanzia vilipuzi hadi yale mengineyo yasiyopata pa kukaa. Lakini shehena ni mzigo wa mtu mwingine. Chombo huubeba, huushusha, kikaenda zake. Manowari haishushi. Rangi, tina, asidi ya betri, mafuta ya ndege, gesi ya majokofu, poda ya klorini, vyote ni vyake yenyewe, na mabaharia hulala ukuta mmoja navyo kwa miezi.

Ipo pia "kemikali hatarishi", inayotumika sana katika ofisi za serikali ya Tanzania. Hii ni nzuri ila ni finyu. Fataki ya kuomba msaada baharini, betri ya lithiamu au asbestosi iliyozungushiwa bomba kuukuu, mtu wa kawaida haviiti kemikali. Kwa hiyo kwenye mwongozo wa kazi linabaki "dutu hatarishi", kwa kuwa dutu ni neno la maabara linalobeba kigumu, kimiminika na gesi kwa pamoja. Ni neno baridi, hilo halikanushiki. Katika mazungumzo ya deki "vitu hatarishi" vinatosha, na hakuna atakayeuliza kama kisu cha jikoni kimo.

Nusu ya kwanza ya istilahi, basi, ina mjadala lakini haina siri. Utamu uko kwenye nusu ya pili. Kwa nini hatarishi, wakati hatari lipo, fupi na linajulikana na kila mtoto aliyewahi kuona fuvu lililochorwa kwenye nguzo ya umeme?

Sarufi inajibu vizuri. Kutoka rutuba tumepata kurutubisha, kutoka hapo rutubishi, na mwisho kirutubishi, kile kilichomo ndani ya chakula chenye uwezo wa kujenga mwili. Hatari imepita njia ile ile hatua kwa hatua: kuhatarisha, hatarishi, kihatarishi. Maharage yaliyo kwenye gunia yana virutubishi hata kama hakuna aliyeyala. Vivyo hivyo, pipa la mafuta ya kompresa lina kihatarishi ndani yake hata likiwa limefungwa, limefungiwa, na limekaa mahali pake halali. Hatari huanza pale kihatarishi kinapopata njia ya kumfikia mtu: kifuniko kimelegea, chumba hakina hewa, kuna aliyewasha kiberiti.

Ndiyo tofauti ambayo Kiingereza huiweka kati ya hazard na risk, ingawa wenyewe huichanganya kila siku. Na kuna jambo la kuchekesha kidogo katika nasaba za maneno haya. Hazard ilipitia Kifaransa cha kale, ambako ilikuwa jina la mchezo wa dadu. Hatari yetu inatoka Kiarabu, khatar, na katika Kiarabu cha kale neno hilo lilitaja pia kile kinachowekwa rehani kwenye mashindano ya kamari. Maneno mawili ya lugha mbalimbali, na yote mawili yalikaa kwenye mkeka wa wacheza kamari kabla ya kupanda melini.

Maana rasmi inayofuatwa katika jeshi la majini la Marekani husema kwamba dutu huwa hatarishi kwa sababu ya wingi wake, ukolezi wake, au sifa zake za kimaumbile na kikemikali. Mambo hayo yanaonekana kavu hadi mtu anapoyawekea majina ya meli.

Wingi ni George Washington. Kopo moja la mafuta yale lingeleta moshi na kelele. Lita 340 zilileta nusu siku ya moto.

Ukolezi ni habari ya hidrojeni peroksidi. Inauzwa kwenye maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda, na saluni huitumia kugeuza rangi ya nywele. Ya duka la dawa huwa na ukolezi wa asilimia 3 hivi. Wahandisi wa silaha waliitaka ile iliyokolea kupita asilimia 80, maana ikigusa kichocheo kinachofaa hugeuka mvuke na oksijeni kwa kasi kubwa, na nguvu hiyo husukuma topido majini. Haiwaki yenyewe. Inachofanya ni kuvilisha oksijeni vitu vingine hadi viwake, na haichagui kama kichocheo kimewekwa na mhandisi au ni kutu ya bomba.

Waingereza walilipia somo hilo tarehe 16 Juni 1955 katika bandari ya Portland, topido ya majaribio ilipolipuka ndani ya nyambizi HMS Sidon. Walikufa watu 13, mmoja wao daktari aliyekuwa ameingia kuokoa wengine. Uingereza ikaachana na topido za peroksidi. Warusi waliendelea nazo, na tarehe 12 Agosti 2000, katika Bahari ya Barents, peroksidi ilivuja ndani ya topido ya mazoezi kwenye nyambizi Kursk. Mlipuko wa kwanza ulifuatiwa, baada ya dakika mbili na sekunde chache, na wa pili uliopasua sehemu yote ya mbele, topido nyingine zilizokuwa jirani zilipopata moto. Watu wote 118 walikufa. Fundi wa saluni na baharia wa Kursk walitumia dutu yenye jina moja. Aliyetaka kujua nani yuko salama ilimpasa asome tarakimu iliyo mbele ya alama ya asilimia.

Kuhusu sifa, mfano mkubwa ni USS Forrestal, manowari nyingine ya Marekani ya kubeba ndege. Tarehe 29 Julai 1967, katika Ghuba ya Tonkin, roketi ilifyatuka yenyewe kwa hitilafu ya umeme ikatoboa tangi la ndege iliyokuwa ikisubiri kuruka. Mafuta yakamwagika na kuwaka chini ya ndege zilizobeba mabomu. Siku moja kabla, meli ilikuwa imepokea mabomu ya zamani, yenye baruti isiyovumilia joto kama ile ya mabomu mapya. Kikosi cha zimamoto kilikimbilia pale kikihesabu dakika za mabomu mapya. La kwanza kati ya yale ya zamani lililipuka baada ya kama dakika moja na nusu, likakimaliza karibu kikosi chote. Waliobaki walishika mipira kwa ujasiri lakini hawakuwa wamefunzwa: wengine walimwaga povu juu ya mafuta yanayowaka, wenzao wakaja na maji ya chumvi wakalisomba povu lile. Walikufa watu 134. Tangu hapo jeshi la majini la Marekani hutaka kila baharia, awe mpishi au karani, ajue kuzima moto.

Kazi ya kila siku, hata hivyo, haina ushujaa wa namna hiyo. Inafanana zaidi na kazi ya mtunza stoo mkali. Katika manowari za Marekani vitu hatarishi hukusanywa kwenye stoo moja maalumu. Baharia anayetaka kupaka rangi mlango huenda pale na kutaja kazi yake. Anapewa rangi na tina ya kazi hiyo tu, anaandikwa, na jioni hurudisha kilichobaki. Kitu kisichokuwa kwenye orodha ya vilivyoruhusiwa hakipandi melini hata kama ni kopo la kupulizia lililonunuliwa dukani kwa hela ya mtu mwenyewe. Na akimimina kimiminika kutoka pipani kwenda kwenye chupa ndogo, chupa hiyo lazima ipate lebo yake. Kanuni hii ya mwisho mtu wa Tandale au Kisauni haihitaji kuelezewa sana: nyumba ngapi zina mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, na watoto wangapi wamewahi kupiga funda moja kabla mama hajageuka?

Poda ya klorini ndiyo inayoonyesha vizuri kwa nini stoo ina mtu mkali. Inaua vijidudu kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo bila hiyo wafanyakazi wa meli wangeugua. Ikikutana na mafuta, rangi au tambara lenye grisi, inaweza kuanzisha moto bila kiberiti. Basi inapewa kabati lake lenye kupitisha hewa, mbali na vyumba vya kulala, mbali na baruti, mbali na stoo ya rangi. Kwa kila dutu kuna karatasi ya taarifa za usalama yenye vipengele 16: cha nne ni huduma ya kwanza, cha saba namna ya kuishika na kuihifadhi, cha kumi kile isichopatana nacho. Hicho cha kumi kinasomeka kama orodha ya majirani waliogombana.

Kiswahili kingekuwa na kazi rahisi kama neno kihatarishi lingetulia mahali pamoja. Halijatulia. Wakaguzi wa usalama kazini nchini Tanzania huzungumzia vihatarishi kwa maana ya mashine isiyo na kinga au vumbi linaloumiza mapafu. Hapo ni hazard. Wahasibu na wakaguzi wa ndani nao wana "usimamizi wa vihatarishi", na kwao ni uwezekano wa mradi kupata hasara, yaani risk. Kwenye afya, uvutaji wa sigara ni kihatarishi cha saratani. Waandishi wa Kenya mara nyingi hubaki na hatari kwa yote: taka hatari, kemikali hatari. Wanaeleweka, na lugha haina askari wa kumkamata mtu.

Lakini kuna sababu ya kulitunza neno hatari lisichakae, na sababu hiyo imebandikwa kwenye pipa. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, una maneno mawili tu ya kushtua. Moja ni la dutu zenye ukali mkubwa, jingine la zile zenye ukali wa chini. Kwa Kiswahili yanakaa vizuri kama HATARI na TAHADHARI. Ikiwa kila kilichomo stoo kinaitwa kitu hatari, kuanzia sabuni ya kuondolea grisi hadi peroksidi iliyokolea, neno lililoandikwa kwa herufi kubwa halimwambii baharia kitu kipya. Vijana wa mjini tayari wameligeuza kuwa sifa. Mwanamuziki akiimba vizuri ni hatari, shati likipendeza ni hatari. Sayansi ikilichukua nalo kwa kila kopo, pipa litabaki na nini? Afadhali hatarishi liwe la daraja zima, kihatarishi kiwe kile kilichojificha ndani ya dutu, uwezekano wa madhara usemwe kwa maneno hayo hayo marefu panapohitajika, na hatari ibaki kwenye lebo, ikisomwa kwa sekunde mbili na mtu aliyevaa barakoa.

Hata lebo nayo inategemea aliyejaza mtungi. Tarehe 8 Novemba 2008, katika Bahari ya Japani, nyambizi mpya ya Urusi iitwayo Nerpa ilikuwa kwenye majaribio, imejaa mafundi wa kiraia. Mfumo wa kuzima moto ulifunguka ilhali hakukuwa na moto, ukamwaga gesi ndani ya vyumba vilivyofungwa. Walikufa watu 20, na 17 kati yao hawakuwa wanajeshi. Gesi ya kuzimia moto hufukuza hewa, kwa hiyo kihatarishi chake kilikuwa kimeandikwa na kujulikana. Ambacho hakikuandikwa popote kilionekana baadaye maabara: gesi ilikuwa imechakachuliwa kwa tetrakloroethilini, dawa ambayo madobi wa kisasa huitumia kusafishia suti bila maji.