Erasto Mpemba: mwanafunzi wa Magamba aliyechekwa kwa swali lake

Je, maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji baridi? Andika jina Mpemba kwenye YouTube. Utapata video nyingi kuhusu swali hili, lililoanzia hapa hapa mkoani Tanga.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, kisha wakayaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friza. Siku moja Mpemba, akihofia kukosa nafasi, aliyaweka yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yalikuwa bado. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa.

Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake walicheka. Osborne alirudi chuoni, jambo hilo likapimwa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Leo linaitwa athari ya Mpemba.

Lakini kuwa makini: baadhi ya video husema maji ya moto hutangulia kuganda kila mara. Si kweli. Mwaka 2016 watafiti nchini Uingereza walipima na hawakuiona athari hiyo. Wanasayansi bado wanabishana.

Kama kuna friza jirani, jaribu mwenyewe: vikombe viwili vinavyofanana, maji kiasi kile kile, kimoja moto, kimoja baridi. Rudia mara kadhaa, andika saa.