Kuboresha Bila Kubomoa: Kiendeshi cha Feni za Kompyuta za Dell katika Kiini cha Linux, 2001–2021

Historia ya teknolojia huelekea kusimuliwa kama mfululizo wa vitu vipya vinavyochukua nafasi ya vile vya zamani. Katika masimulizi ya namna hiyo, kuboresha ni kuondoa: kipya huingia, cha zamani hutupwa. Makala hii inaupima mtazamo huo kwa kutumia mfano mdogo, yaani kiendeshi kinachosoma joto na kudhibiti feni za kupozea katika kompyuta za Dell zinazotumia mfumo endeshi wa Linux. Kiendeshi hicho kilianza kwa jina la i8k mwaka 2001; leo kinaitwa dell-smm-hwmon. Hoja kuu ni kwamba kilichobadilika zaidi katika miaka hiyo 20 ni mahali ujuzi wa kudhibiti feni unapowekwa na namna unavyoelezwa. Msingi wa ujuzi wenyewe, pamoja na mapengo yake, ulirithiwa.

Chanzo kikuu cha uchunguzi huu ni msimbo chanzo wa kiini cha Linux pamoja na kumbukumbu za mabadiliko yake. Chanzo hiki kina upungufu ambao mtafiti hana budi kuuzingatia. Hifadhi ya Git inayotunzwa na Linus Torvalds inaanzia Aprili 2005, katika toleo la 2.6.12-rc2, mabadiliko yaliyotangulia hayamo. Kwa hiyo anayesoma Git peke yake hukikuta kiendeshi hiki kimekwisha kuzaliwa. Ushahidi wa miaka ya mwanzo hutokana na matoleo ya zamani yaliyohifadhiwa, na maandishi ya hakimiliki yaliyo juu ya faili lenyewe. Maandishi hayo yanamtaja Massimo Dal Zotto, 2001; kisha Jean Delvare, 2011; Guenter Roeck, 2013 na 2014; na Pali Rohár, 2014 na 2015. Orodha hiyo fupi ni nasaba ya kiendeshi, na kama nasaba nyingi, huwataja waliounganisha vizazi na kuwaacha wengi waliochangia.

Jina i8k linatokana na kompyuta mpakato ya Inspiron 8000. Katika kompyuta hizo feni haikuwa moja kwa moja chini ya mfumo endeshi. Ilidhibitiwa na BIOS kupitia hali maalumu ya prosesa iitwayo SMM. Prosesa inapoingia katika hali hiyo, mfumo endeshi husimama na programu ya mtengenezaji hushika usukani. Inapotoka, mfumo endeshi huendelea bila kujua kilichotendeka. Kiendeshi kililazimika kubisha hodi katika mlango huo: kuweka namba ya ombi ndani ya rejista za prosesa, kuiamsha BIOS, na kungoja jibu. Dell haikutoa nyaraka za kiolesura hicho. Nyaraka za kiini zenyewe zinamwonya msomaji kwamba maelezo yake yalipatikana kwa kujaribu na kukosea.

Majibu yalimfikia mtumiaji kupitia faili la /proc/i8k, lililotoa mstari mmoja wenye sehemu 10: toleo la muundo, toleo la BIOS, namba tambulishi ya kompyuta, joto la prosesa, hali ya feni ya kushoto na ya kulia, kasi ya kila moja, hali ya umeme, na hali ya vitufe. Mstari huo uliikidhi kompyuta iliyokusudiwa. Hata hivyo, ulichukulia kwamba kila kompyuta ina feni mbili, moja kushoto na nyingine kulia, na kwamba joto la kupimwa ni moja. Aidha, programu iliyojifunza kuusoma haikuweza kuutumia ujuzi huo kwa kompyuta ya mtengenezaji mwingine.

Mfumo mdogo wa hwmon ulikuja kuweka lugha moja kwa vihisi vya aina zote. Humo joto huandikwa kwa sehemu za elfu za nyuzi ya Selsiasi, kasi ya feni kwa mizunguko kwa dakika, na nguvu ya feni kwa namba kati ya 0 na 255. Mwaka 2011 kiendeshi kiliunganishwa na lugha hiyo. Mwaka 2015 kilihamishwa kutoka saraka ya drivers/char hadi drivers/hwmon na kupewa jina jipya. Tafsiri hiyo ilikuwa na mipaka. BIOS ya kompyuta za mwanzo ilijua hali tatu tu za feni: imezimwa, polepole na kasi. Katika lugha mpya hali hizo huwa 0, 128 na 255. Mtumiaji akiandika 100, feni huenda polepole, na akisoma tena hukuta 128. Usahihi unaoonekana katika namba haumo katika chombo chenyewe.

Hatari kubwa zaidi ilidhihirika kiendeshi kilipotumika katika miundo mingi. Katika baadhi ya kompyuta, kuuliza aina ya feni kuliifanya feni ya prosesa ipande na kushuka kasi ovyo. Katika nyingine, ombi lolote lihusulo feni lilisimamisha kiini kwa takribani milisekunde 500. Kasoro ilikuwa ndani ya BIOS, mahali ambapo watunzaji wa Linux hawakuwa na mamlaka. Walichoweza kufanya ni kupunguza maswali. Jibu kuhusu aina ya feni likaanza kuhifadhiwa ili lisiulizwe mara kwa mara, na kompyuta zenye kasoro zikaorodheshwa kwa majina, miongoni mwake Studio XPS 8000 na Inspiron 7720. Orodha hizo hazivutii kihandisi, lakini kwa mwanahistoria ni ushahidi adimu: kila jina linasimama badala ya mtumiaji aliyepatwa na tatizo na kulieleza.

Mwaka 2021 kiendeshi kilihamishiwa kwenye utaratibu wa hwmon_device_register_with_info, ulioingia katika Linux 4.9 mwaka 2016. Awali, viendeshi vilijiandikia vyenyewe orodha ya mafaili na kazi za kuyahudumia. Kwa utaratibu mpya, kiendeshi hutangaza vihisi vyake, kisha hutoa kazi za kuamua kipi kionekane, za kusoma, na za kuandika, hwmon ndiyo huunda mafaili. Hapa ndipo hoja ya makala hii inapothibitika. Sura ya msimbo ilibadilika sana, ilhali orodha za kompyuta zenye kasoro zilibaki. Sharti kwamba ombi la SMM litekelezwe na prosesa namba 0 lilibaki pia. Hata /proc/i8k haikufutwa. Iliendelea kuwapo kama chaguo kwa ajili ya programu za zamani.

Inaweza kupingwa kwamba kubakiza cha zamani ni mzigo kwa watunzaji. Pingamizi hilo lina uzito, kwani kila kiolesura kinachobaki huhitaji kuangaliwa. Lakini jamii ya Linux inashikilia kanuni kwamba mabadiliko ya kiini yasiharibu programu ambazo watumiaji wanazitegemea, na katika suala la feni kanuni hiyo hugusa maisha ya kifaa: programu ya kudhibiti feni ikishindwa kusoma joto, huweza kuiacha feni katika hali isiyofaa. Jambo hili linatuhusu pia Afrika Mashariki, ambako kompyuta zilizokwisha kutumika nchi za nje huuzwa na kuendelea kufanya kazi baada ya mtengenezaji kuelekea kwenye miundo mipya.

Kutokana na ushahidi huu, makala inapendekeza kwamba uboreshaji wa programu usipimwe kwa wingi wa mistari iliyofutwa pekee. Mtafiti aulize pia ni maonyo gani yamevushwa kutoka msimbo wa zamani hadi mpya. Katika kiendeshi hiki, aliyeandika upya bila kuyasoma maonyo hayo angepata msimbo safi zaidi, na kompyuta zinazoganda tena kwa nusu sekunde.