Kristali ya saa katika kompyuta ya injini

Kristali ya saa ni kipande kidogo cha kwatsi kilichofungwa ndani ya kopo la bati, kwenye bodi ya kompyuta ya injini ya gari, ile ambayo mafundi wengi wa Tanzania huiita kontroli boksi. Kikipitishiwa umeme hutetema kwa kasi isiyoyumba, na mtetemo huo ndio saa ya kompyuta. Uhusiano wa kwatsi na umeme uligunduliwa na ndugu Jacques na Pierre Curie mwaka 1880. Kompyuta moja kusimamia mafuta na cheche kwa pamoja kulikuja na Motronic ya Bosch, kwenye BMW 732i ya mwaka 1979.

Kazi

Kompyuta huhesabu mapigo ya kristali kati ya jino na jino la gurudumu la kranki ili kujua kasi ya injini. Kwa mapigo hayohayo hupima nozeli ikae wazi milisekunde ngapi na koili ichajiwe kwa muda gani.

Hatari za kuibadili

Wapenda mbio huibadili hasa ili kuinua ukomo wa mizunguko bila kugusa programu. Ni ujanja rahisi, na mbovu. Kristali ya megahezi 8 ikitolewa na kutiwa ya 10, injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika husomeka 4,800, na ukomo uliowekwa 6,400 hupanda hadi 8,000, kasi ambayo springi za valvu za gari la kawaida hazikuundiwa. Jedwali la cheche nalo husomwa mahali pasipo pake. Kwenye injini inayokadiria hewa kwa presha ya manifoldi, nozeli iliyoamriwa kukaa wazi milisekunde 5 hukaa 4. Ni kama muuza nafaka aliyekatiwa pishi yake usiku: idadi ya pishi ni ileile, nafaka ndiyo iliyopungua, naye hana pishi nyingine ya kulinganishia.

Gari likienda taratibu, sensa ya oksijeni hufidia sehemu ya upungufu. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, kompyuta nyingi huacha kuisikiliza. Mafuta huwa haba kwa hewa iliyoingia, injini hugonga, pistoni au valvu huungua. Koili isiyochajiwa vya kutosha hutoa cheche hafifu, gari likaanza kumisi. Fundi akichomeka mashine ya kupimia inayotarajia biti 10,400 kwa sekunde, hupokea 13,000 na haisomi kitu. Imobilaiza isipoelewana na kompyuta, gari haliwaki kabisa.

Kristali ya polepole

Kristali yenye kasi ndogo kuliko ya asili huleta kinyume chake: mafuta mengi, moshi, plagi nyeusi.

Kaliua

Hatari hizi huuma zaidi mbali na karakana, tuseme porini Kaliua, mkoani Tabora. Gari likizimika kwenye miombo ya huko, kifaa kilichotiwa lehemu kwenye bodi hakitengenezwi kwa spana na bisibisi. Land Cruiser za muundo wa zamani zenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, hazina shida hii: pampu yao ya mafuta huendeshwa kimakanika, bila kompyuta. Mwenye gari kama hilo anaweza kuiruka makala hii.