Vita Vikirudi Nyumbani

Waulize watu wa Dar es Salaam habari za Mafia. Watakutajia nazi, pweza na siku hizi papa potwe. Vita hawatakutajia. Hata hivyo, vita vimekipitia kisiwa kile zaidi ya mara moja. Mji wa Kua, kule Juani, uliangamizwa na Wasakalava waliovuka bahari kutoka Bukini yapata mwaka 1829, na wakazi wake wengi wakachukuliwa utumwani. Januari 1915 majeshi ya Mwingereza yalishuka upande wa Kisimani, yakapigana na kikosi kidogo cha Mjerumani pale Ngombeni, yakakitwaa kisiwa. Kutoka Mafia ndege za Waingereza ziliruka kwenda delta ya Rufiji kuitafuta manowari ya Königsberg, nayo ikamalizwa tarehe 11 Julai mwaka huo huo.

Hayo wanafunzi wa historia wanayajua. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo hatulisemi sana. Askari anaporudi kwao mzima wa viungo, lakini usiku halali, nani anamtibu, na kwa dawa gani?

Februari 1915, mwezi mmoja tu baada ya mapigano ya Ngombeni, daktari Mwingereza aitwaye Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet habari za askari watatu waliopasukiwa na mizinga huko Ufaransa. Kumbukumbu ziliwapotea, macho hayakuona sawasawa, pua hazikunusa. Hali hiyo ikaitwa mshtuko wa mizinga. Wakubwa wengi wa jeshi walisema ni woga tu. Katika vita vile Uingereza iliwapiga risasi askari wake yenyewe zaidi ya 300 kwa utoro, woga na makosa ya namna hiyo, ikaja kuwasamehe mwaka 2006, wakati hata watoto wao wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Na wa kwetu je? Askari wa Keya, askari wa Mjerumani, na wale wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao ndimi zetu zimelilainisha likawa Kariakoo? Mwaka 1927 wale waliomtumikia Mwingereza walijengewa Sanamu la Askari pale katikati ya Dar es Salaam, bunduki mkononi, na maneno ya sifa kwa Kiswahili na Kiingereza. Sanamu ni kitu kizuri. Lakini sanamu halimwulizi mtu amelalaje.

Tukaja kwenye vita vyetu wenyewe. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Mgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa waliitwa kuungana na wanajeshi, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mashujaa wakapokewa kwa gwaride na nyimbo, kisha kila mmoja akarudi kwao. Mwaka uliofuata, 1980, madaktari wa akili wa Marekani waliingiza rasmi katika kitabu chao cha magonjwa lile gonjwa la kiwewe linalobaki baada ya balaa, na waliosukuma sana jambo hilo ni askari waliotoka Vietnam. Kwa maneno mengine, vijana wetu walirudi na ugonjwa ambao hata wenye mashine na maktaba walikuwa bado hawajaupa jina hilo.

Mmoja wao nilimkuta Kirongwe, nilipokwenda Mafia kurekodi kipindi juu ya zao la nazi. Jina lake nalihifadhi. Akaniambia kwamba nazi hizo hizo ndizo zilizomtesa. "Mwanangu," alisema, "nazi ikidondoka usiku, mimi nilikuwa chini ya kitanda kabla haijatulia." Mke wake alilala na taa. Watoto walijua wasimwamshe kwa kumgusa.

Alikuwa amepita njia ya Lukaya mwezi Machi 1979, kwenye yale matope, na mizinga ya roketi ambayo Waganda waliita Saba Saba ikinguruma juu ya kichwa chake. Lakini hakikuwa kishindo kilichomwandama. Alimwandama kijana mmoja wa upande wa pili, aliyelala kando ya barabara macho wazi, nao wakampita.

Hospitalini alipewa vidonge vya usingizi. Alilala, akaamka na yule kijana. Jamaa zake ndipo wakampeleka kwa mganga.

Hapa naomba wasomaji wa mjini wasicheke. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza kazi yake kaskazini ya Mafia mwaka 1965 na kurudi mara nyingi, ameandika kwa kirefu juu ya mashetani na waganga wa kule. Ukiondoa ubani na vilemba, kiini cha shughuli ni maswali. Mgonjwa huketishwa, jamaa humzunguka, ngoma hupigwa mpaka pepo apande kichwani. Kisha anaulizwa: wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini? Na watu hawaondoki mpaka ajibu.

Pepo wengi hutaka marashi, nguo, au damu ya mbuzi. Huyu wa Kirongwe, kwa maelezo ya mzee mwenyewe, alisema hakuzikwa, akataka hitima. Shehe wa jirani, ambaye ngoma hizo hazipendi hata kidogo, aliambiwa. Akafikiri, akasema hitima haina kosa, akaja kuisoma. Basi ikasomwa Kirongwe kwa ajili ya mtu ambaye hapana aliyemjua jina wala dini yake. Tangu hapo, mzee anasema, alianza kulala.

Si Mafia peke yake. Kule Gorongosa, Msumbiji, baada ya mapatano ya amani ya Oktoba 1992, watu walipandwa na pepo waitwao gamba, roho za askari waliouawa vitani, wakidai haki yao mbele ya ukoo. Kusini mwa nchi hiyo hiyo, vijana waliotoka porini walivuliwa nguo za vita zikachomwa, wakaoshwa, wakaambiwa wasitazame nyuma. Waacholi wa Uganda ya kaskazini walimkanyagisha yai kijana aliyetoroka kwa Joseph Kony kabla ya kuingia nyumbani kwao.

Mimi si shabiki wa kila mganga. Wapo wanaowafunga wagonjwa minyororo, wapo wanaowamaliza jamaa kwa mbuzi na kanga mpaka shamba linauzwa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawataka wasajiliwe, na ni vizuri. Tena pepo ana udhaifu wake: humpa mtu njia ya kusema jambo bila kulibeba mwenyewe. Mwingine ataona hiyo ndiyo rehema yake. Sijui kama ningeweza kubishana naye.

Lakini tazama wataalamu nao wamefikia wapi. Mwaka 2011 jarida la madaktari wa Marekani lilichapa matokeo ya utafiti uliofanywa Uganda ya kaskazini kwa vijana 85 waliokuwa watoto askari. Waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huko huko, waliofunzwa, wakiwafuata wagonjwa majumbani. Katika tiba hiyo hulazwa kamba chini, iwe ndiyo maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Penye jema huwekwa ua, penye baya huwekwa jiwe. Kisha mtu husimulia, jiwe kwa jiwe, msikilizaji akikaa mpaka mwisho. Vijana waliotibiwa hivyo walipata nafuu kuliko wale waliopewa masomo na ushauri wa kawaida.

Sasa kamba ile na mkeka wa mganga vimetofautiana nini? Vimetofautiana sana, daktari ataniambia, na atakuwa na haki. Ila vyote viwili vina mtu anayeuliza asiyekuwa na haraka, na hicho ndicho mzee wangu alichokikosa kwenye foleni ya vidonge.

Wapiganaji wa Kagera sasa ni wazee, wengi wamekaribia au kupita miaka 70. Wenzao waliokufa wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Mzee wa Kirongwe hajafika huko. Alinieleza anatamani kwenda kusoma dua mara moja, kisha akaanza kunihesabia: chombo kutoka Kilindoni, basi la Dar es Salaam, basi la Bukoba, na kurudi. Nauli ndiyo imemshinda.